Pambizoni mwa Insha: Mwalimu wa Kiswahili na Sauti ya Mwanafunzi

Wahenga walilonga kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hata hivyo, kati ya mama na ulimwengu kuna mtu wa tatu ambaye methali hiyo haimtaji, naye ni mwalimu. Huyu humpokea mtoto angali mbichi, akakaa naye miaka na mikaka, kisha akamkabidhi kwa ulimwengu. Mwanafunzi wa Kiswahili katika chuo kikuu chochote cha Kenya akiulizwa ni nini kilichomfikisha katika idara hii, huenda akasema kwamba alipangiwa kozi kwa mujibu wa alama zake. Lakini akiulizwa ni nini kilichomfanya abaki na aipende, mara chache atataja kitabu, na mara chache zaidi atataja mshahara. Aghalabu atamtaja mwalimu.

Swali linalosalia ni hili: mwalimu huyo alifanya nini hasa? Majibu yanayotolewa huwa ya jumla mno. Alikuwa mcheshi, alikuwa mkali, alikuwa na hati nzuri ubaoni, aliongea Kiswahili sanifu kama mzaliwa wa pwani ilhali alizaliwa bara. Yote haya ni mema, lakini hayatoshi kueleza kwa nini mtu wa umri wa miaka thelathini amkumbuke aliyemfundisha akiwa na kumi na mitatu. Makala haya yanashikilia kwamba mwalimu anayekumbukwa ni yule aliyemwezesha mwanafunzi kusema jambo lake mwenyewe kwa lugha aliyofundishwa. Aidha, yanadai kuwa mfumo mzima wa kufunza Kiswahili, tangu shule ya msingi hadi shahada ya uzamili, umezoea kufanya kinyume cha hayo, na kwamba wanafunzi wa leo, ambao ndio walimu wa kesho, wana wajibu wa kuuvunja mzoea huo.

Kiswahili kilipata nguvu mpya katika shule za Kenya kutokana na mapendekezo ya Tume ya Mackay ya mwaka 1981. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza kutekelezwa mwaka 1985, lugha hii ilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Hatua hiyo inastahili shukrani. Pasipo hiyo, idara nyingi za Kiswahili zingekuwa na madawati matupu, na wachapishaji wasingekuwa na sababu ya kutafuta riwaya, tamthilia na diwani mpya kila baada ya miaka michache. Lakini hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Somo lililopewa hadhi na mtihani lilianza kuishi kwa ajili ya mtihani. Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mtahiniwa alipewa dakika 40 kuandika insha moja ya alama 40. Katika KCSE, Karatasi ya Kwanza humtaka aandike insha mbili, kila moja ikiwa na alama 20. Msahihishaji naye huwa na rundo la karatasi mbele yake na muda mfupi mkononi. Katika mazingira kama hayo, neno linalong'aa hulishinda neno la kweli, kwa kuwa mng'ao huonekana upesi ilhali ukweli huhitaji kusomwa mara ya pili.

Hapo ndipo madaftari ya misamiati yalipozuka. Kila mwanafunzi aliyepitia mfumo huo analikumbuka lake. Ndani yake mlipangwa tashbihi, methali na vifungu vya kuanzia na kumalizia, vikakaririwa kama majedwali ya hisabati. Mtoto alijifunza kwamba asubuhi haiji ila majogoo wawike, kwamba jua halichomozi pasipo kutuma miale yake, kwamba hakuna aondokaye nyumbani ila ametia kiguu na njia, na kwamba mtu hawezi kufurahi ila awe kama kibogoyo aliyeota meno. Mwalimu alifurahi, mzazi alifurahi, na matokeo yakatoka mazuri.

Hebu sasa itafakariwe hali moja ambayo yeyote aliyewahi kusahihisha madaftari ataitambua. Mwanafunzi wa darasa la saba, katika kijiji kilicho mbali na barabara ya lami, anaagizwa kuandika insha kuhusu siku asiyoweza kuisahau. Wiki moja iliyotangulia, ng'ombe wa pekee wa familia yao amekufa akizaa. Mtoto huyo alikuwepo. Ndiye aliyeishika kurunzi usiku kucha, mpaka mwanga wake ukawa wa manjano kama chai ya jana. Alimwona babake akiketi juu ya ndoo iliyopinduliwa bila kusema neno. Kulipokucha mama alichemsha chai ya rangi, na hakuna aliyeuliza maziwa yalikuwa wapi. Mtoto anaijua fika siku asiyoweza kuisahau. Hata hivyo, anapoishika kalamu anaandika kuhusu safari ya Mombasa kwa gari la mjomba, mji ambao hajauona, kuhusu majambazi waliojihami kwa bunduki, na kuhusu hospitali alimozindukia akiwa amezungukwa na madaktari waliovalia makoti meupe. Majogoo wamewika, miale imetumwa, kibogoyo ameota meno. Insha inapata alama 33 kati ya 40.

Mwalimu wa kwanza anaandika chini yake "Vizuri sana" na kuendelea na daftari linalofuata. Hakukosea, kwa kuwa mwongozo wa kusahihisha unamruhusu. Mwalimu wa pili anatoa alama zilezile, kwani naye anaufuata mwongozo. Lakini anaishi katika eneo hilo na amezisikia habari za msiba wa zizini. Basi kabla ya kulifunga daftari anaandika pambizoni, kwa wino mwekundu: "Na ng'ombe je?"

Maneno hayo ni matatu tu, na tofauti baina ya walimu hao wawili imo ndani yake. Wa kwanza amemwambia mtoto kwamba Kiswahili ni vazi la kuazima linalovaliwa siku ya mtihani. Wa pili amemwambia kwamba lugha hii ina nafasi ya babake, ndoo iliyopinduliwa na chai ya rangi. Inawezekana mtoto asilijibu swali hilo mwaka huo. Inawezekana hata asilielewe. Lakini litabaki humo pambizoni, na siku atakapokomaa vya kutosha atalifungua daftari la kumbukumbu zake na kulikuta.

Huenda pakazuka pingamizi hapa, nalo ni zito. Je, kukariri si sehemu ya mila ya lugha yenyewe? Katika miji ya pwani watoto walihifadhi Kurani chuoni kabla ya kuielewa, na tenzi zilipokezwa kwa kichwa kizazi hadi kizazi. Isitoshe, kwa watoto wengi wa Kenya Kiswahili ni lugha ya pili, na kwa wengine ni ya tatu. Mtoto wa aina hiyo atasema nini kwa lugha asiyo na maneno yake? Sharti apewe kielelezo aige, kama afanyavyo mwanagenzi wa useremala anayeanza kwa kuiga kiti cha fundi wake.

Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, na halipaswi kupuuzwa. Hakuna aliyewahi kutunga kwa lugha asiyoihifadhi. Lakini kuna tofauti kubwa baina ya kuhifadhi hazina na kuhifadhi mapambo. Utendi ambao Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye, Mwana Hashima, katikati ya karne ya 19, umehifadhiwa na wanawake wa pwani kwa zaidi ya miaka 150. Utendi huo haukuzaliwa kutoka katika daftari la misamiati. Ulitungwa na mama aliyekuwa mgonjwa, aliyejua kwamba muda wake ulikuwa unayoyoma, na aliyekuwa na binti wa kumwachia wosia. Ndani yake mtunzi anasimulia hata mambo ya ndoa yake mwenyewe. Msomaji wa leo anaweza kutokubaliana na mafunzo yake kuhusu nafasi ya mke nyumbani, na mijadala ya namna hiyo haijakoma katika kumbi za mihadhara. Lakini hawezi kusema kwamba aliyesema hakuwepo. Mwana Kupona alikuwa mwalimu, na mtaala wake ulikuwa maisha aliyoyaishi.

Mfano wa pili ni wa Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu (1927–2017). Mshairi huyu hakupitia chuo kikuu, lakini maprofesa wa vyuo vikuu walimwendea kama wanafunzi. Utungo wake *Sambo ya Kiwandeo*, uliochapishwa mwaka 1979, unahusu chombo cha baharini cha Lamu. Mwanafunzi wa bara anayeusoma kwa mara ya kwanza hushangazwa na wingi wa istilahi asizozijua, na huenda akadhani kwamba huo nao ni urembo wa maneno. La hasha. Msamiati ule una mbao na kamba nyuma yake. Kila neno lilikuwa na kitu ambacho mtu angeweza kukigusa kwa mkono. Nabhany alikuwa na maneno mengi kwa sababu alikuwa ameviona vitu vingi, akavipenda, na akahofu kwamba majina yake yangepotea. Mtoto wa kijiji kile naye ana maneno yake ya zizini. Kuna neno la ndama aliyekataa kutoka, la kamba iliyofungwa, la sauti ya mnyama anayechoka. Hata akiwa na baadhi yake kwa lugha ya mama tu, kazi ya mwalimu wa Kiswahili ingekuwa kumsaidia kuyatafutia mahali katika lugha ya taifa. Kinyume chake, anapewa jogoo wa kuazima, ilhali kwao wanao majogoo watatu na kila mmoja anawika kwa namna yake.

Wapo watakaosema kwamba mifano hii ni ya watu wa pwani, waliozaliwa ndani ya lugha. Basi na itazamwe kazi ya Ken Walibora, aliyefariki Aprili 2020. Walibora alikulia magharibi mwa Kenya, mbali na bahari. *Siku Njema*, riwaya yake iliyochapishwa mwaka 1996, inamfuata Kongowea Mswahili kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba asiyemjua. Riwaya hiyo ilisomwa na vijana wengi waliokuwa wakikiona Kiswahili kama somo la kupita nalo mtihani tu. Iliwashika kwa sababu ilikuwa na mtoto aliyetukanwa kwa kukosa baba, na wengi wao walimjua mtoto wa namna hiyo kijijini mwao au walikuwa wenyewe mtoto huyo. Ni kweli kwamba lugha ya riwaya hiyo ina mapambo, na wengi waliyanakili katika madaftari yao. Hapo ndipo ilipo kejeli. Walichukua maneno ya Walibora wakaiacha njia aliyoyapatia. Njia yenyewe ilikuwa kumsimamisha Kitale kijana mwenye jina la pwani na kuiuliza lugha kama inaweza kuyabeba maisha ya pande zote mbili.

Walibora huyo huyo alituachia picha nyingine ya mwalimu, ambayo kila mwanafunzi wa ualimu angefaa kuitundika ukutani. Katika *Kidagaa Kimemwozea* (2012) yumo Mwalimu Majisifu, msomi mlevi anayejipatia sifa kwa kitabu kilichotokana na mswada wa kijana Amani. Kwa kawaida mhusika huyu huchambuliwa chini ya maudhui ya wizi wa kazi za kitaaluma, jibu likapewa alama zake na mjadala ukaishia hapo. Lakini dhambi ya Majisifu inazidi wizi wa karatasi. Mwalimu ambaye kazi yake ni kumpa kijana sauti ndiye anayeichukua sauti hiyo na kusema kwayo. Ni rahisi kumcheka. Ni vigumu zaidi kujiuliza ni mara ngapi, bila nia mbaya wala chupa ya pombe, mwalimu humnyang'anya mtoto ng'ombe wake na kumpa safari ya Mombasa.

Ingekuwa faraja kudhani kwamba maradhi haya huishia katika lango la chuo kikuu. Hayaishii hapo. Mwanafunzi aliyekariri majogoo katika darasa la saba hukariri mihimili ya nadharia katika mwaka wa kwanza wa uzamili. Pendekezo lake la utafiti huwa na sura ya pili iliyojaa majina ya wanazuoni wa Ulaya, wengi wao akiwa hajawasoma ila kwa kupitia tasnifu za waliomtangulia. Ufeministi umeorodheshewa mihimili mitano, Umarx mihimili minne, na pengo la utafiti limetangazwa. Tasnifu hiyo inapofika kwenye uchanganuzi, riwaya yenyewe huingizwa kama mshtakiwa aliyekwisha kuhukumiwa. Kifungu kinanukuliwa, mhimili unatajwa, na kauli ya kuhitimisha inasema kwamba mwandishi amefaulu kuidhihirisha nadharia. Majogoo wamewika tena, ingawa safari hii wana shahada.

Hili si shambulio dhidi ya nadharia. Mhakiki asiye na nadharia ni kama baharia asiye na dira. Lakini dira haichukui nafasi ya bahari. Msimamizi anayekumbukwa na wanafunzi wake ni yule anayeisoma rasimu ya kurasa 40, akairudisha, na kuuliza: "Haya ni ya wanazuoni. Wewe umeona nini katika riwaya hii?" Mwanafunzi huondoka ofisini akiwa na hasira, kwa kuwa swali hilo halina jibu la kunakili. Baada ya wiki mbili hugundua kwamba hasira yake ilikuwa hofu. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali hilo tangu alipoanza shule, au labda aliulizwa mara moja tu, pambizoni, na hakulijibu.

Kukua basi ni nini kwa mwanafunzi wa lugha? Kiswahili chenyewe kina dokezo. Vitenzi *kufunda*, *kufunza* na *kufundisha* ni vya mzizi mmoja na nomino *fundi*. Kumfundisha mtu, kwa maana hiyo ya asili, kunakaribiana na kumfanya fundi, yaani mtu ambaye anaweza kukitengeneza kitu hata mwalimu wake akiwa hayupo. Mwanafunzi hukua siku anapogundua kwamba maneno aliyopewa ni vifaa vya kazi na kwamba sasa anatakiwa kutengeneza kitu. Wengine hugundua hilo wakiwa na umri wa miaka kumi na mitano. Wengine huhitimu, wakaajiriwa na kustaafu bila kuligundua.

Ni haki pia kuitazama hali ya mwalimu mwenyewe, kwa maana si adili kumlaumu mpishi kwa uchache wa unga. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka shuleni. Hilo lilikuwa jambo la kheri kwa taifa, lakini madarasa yalifurika na idadi ya walimu haikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 akiwapa insha moja kwa wiki, na akitumia dakika tano kwa kila daftari, atahitaji zaidi ya saa sita kwa darasa hilo moja, kabla ya kuandaa funzo lolote. Mwaka 2024 walimu wa sekondari msingi walioajiriwa kwa kandarasi ya mafunzo kazini waliandamana wakidai ajira ya kudumu. Mtu asiyejua kama kesho atakuwa na kazi si rahisi kumtarajia akae usiku akiuliza habari za ng'ombe. Aidha, zipo shule ambamo mtoto huadhibiwa kwa kusema Kiswahili siku isiyokuwa ya Kiswahili. Mwalimu wa somo hilo hujikuta akifundisha asubuhi lugha ambayo wenzake wanaifukuza uwanjani alasiri. Haya yote yanaendelea ilhali Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi.

Pamoja na hayo, uhaba haujawahi kuwazuia walimu wote. Mwaka 2019 Ndugu Peter Tabichi, mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya kutwa ya Keriko, kaunti ya Nakuru, alituzwa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani yenye thamani ya dola milioni moja. Magazeti yalisisitiza ukarimu wake, kwamba alikuwa akitoa sehemu kubwa ya mshahara wake kuwasaidia maskini. Ukarimu huo ni wa kupigiwa mfano. Lakini jambo lingine lilipitwa haraka. Wanafunzi wake, katika shule isiyo na vifaa vya kutosha, walikuwa wamebuni vitu vyao wenyewe na kuvipeleka mashindanoni, kikiwemo kifaa cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu. Tabichi hakuwakaririsha majaribio ya kitabuni na kuishia hapo. Aliwapa nafasi ya kutazama tatizo lililo karibu nao na kulitatua kwa elimu waliyokuwa nayo. Ikiwa hayo yanawezekana katika fizikia, penye uhitaji wa mizani na nyaya, yashindikane vipi katika insha, ambayo haihitaji ila kalamu, karatasi na ukweli?

Kuna sababu nyingine inayoifanya hoja hii kuwa ya dharura leo. Programu za akili unde sasa zinaweza kuandika insha ya Kiswahili kwa sekunde chache, ikiwa na majogoo, miale, methali tatu na hitimisho la kuonya vijana. Zinaweza pia kuorodhesha mihimili ya nadharia bila kuchoka. Vyuo vinahangaika kutafuta namna ya kuwanasa wanaozitumia kwa udanganyifu, na wana haki ya kufanya hivyo. Lakini swali la msingi halijaulizwa kwa sauti ya kutosha. Ikiwa mashine inaweza kuandika insha tuliyokuwa tukiituza, je, tulikuwa tukituza nini miaka hiyo yote? Mashine haikuishika kurunzi. Haikumwona baba akiketi juu ya ndoo. Kilichobaki kuwa cha mwanafunzi, na ambacho hakuna programu itakayokiandika kwa niaba yake, ni kile kile ambacho mwalimu wa pili alikiuliza pambizoni.

Yafanywe nini basi? Elimu bila amali ni kama nta bila asali, na malalamiko yasiyo na pendekezo ni kelele. Kwanza, wanachama wa chama hiki wanaokwenda katika mazoezi ya kufundisha wanaweza kujiwekea desturi ndogo isiyohitaji kibali cha wizara wala cha mwalimu mkuu. Kila wiki mbili, wanafunzi waandike ukurasa mmoja usiotolewa alama, kuhusu jambo walilolishuhudia kwa macho yao. Mwalimu asisahihishe sarufi siku hiyo. Aandike swali moja tu pambizoni, swali linaloonyesha kwamba amesoma. Palipo na wanafunzi 80, asome 20 kila mara kwa zamu. Hakuna anayeombwa miujiza.

Pili, methali na tashbihi zisifukuzwe darasani, kwani ni damu ya lugha. Zifundishwe pamoja na mahali zilipozaliwa. Mtoto anayeambiwa kwamba samaki hukunjwa angali mbichi aulizwe kama amewahi kumkunja samaki mkavu, na kilitokea nini. Kisha aombwe atunge tashbihi yake mwenyewe ya furaha kutokana na kitu kilichoko kwao. Huenda ikawa mbaya. Itakuwa yake, na ya pili itakuwa bora zaidi.

Tatu, wahadhiri wetu, ambao heshima yao katika kurasa hizi haina shaka, wafikirie kumtaka kila mwanafunzi wa uzamili aandike kurasa tano kuhusu matini aliyoichagua kabla ya kuruhusiwa kuitaja nadharia yoyote. Katika kurasa hizo aeleze ni nini kilichomshangaza, kilichomkera, na asichokielewa. Nadharia ikija baadaye itamkuta ana jambo la kuiuliza. Nne, watunzi wa miongozo ya kusahihisha, ambao wengi wao wamepitia idara hizi, watafute namna ya kuutuza uhalisi wa tajriba kama wanavyoutuza ukwasi wa msamiati. Hili ni gumu kuliko yote, na halitafanyika kwa mwaka mmoja. Lakini Kenya inaaga mfumo wa 8-4-4 na kujenga Mtaala wa Umilisi. Ikiwa umilisi una maana yoyote, hauwezi kuwa umilisi wa kukariri.

Mwalimu aliyeandika maneno matatu pambizoni huenda amestaafu. Huenda alihamishwa mwaka uliofuata na asijue kamwe kilichompata mtoto yule. Hiyo ndiyo hali ya ualimu: anayepanda si lazima aonje. Lakini mtoto yule huenda sasa yuko chuoni, katika ukumbi wa mihadhara, akinakili mihimili ya nadharia na kujiuliza kwa nini somo alilolipenda limeanza kumchosha. Muhula ujao atapelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Atakabidhiwa darasa, kipande cha chaki na rundo la madaftari, na katika daftari la tatu au la nne majogoo watawika kama kawaida. Kalamu nyekundu itakuwa mkononi mwake.